Mbona Umeniacha Hospitali?

Wanaosafiri kati ya Dar na Arusha wanaijua Mombo kwa dakika ishirini. Basi linasimama, watu wanashuka kula, wauzaji wanakimbilia madirishani na mapeasi ya Lushoto, honi inalia, safari inaendelea. Sisi wa hapa tukishuka tumeshuka. Kwa hiyo mimi kama mhakiki nina tatizo ambalo huenda wewe huna: filamu za kwenye basi huwa sizimalizi.

Soul Surfer niliiona hivyo. Skrini ndogo mbele kule, sauti haisikiki vizuri, mtoto wa jirani analia. Msichana wa kizungu, ubao, bahari ya buluu, papa, damu, hospitali. Tulipoingia stendi ya Mombo yule msichana bado yuko kitandani. Nikachukua begi langu nikashuka. Miaka ikapita nikiamini kwamba hadithi ile naijua: ni ya msichana aliyekatwa mkono na papa.

Mwaka huu nimeiangalia yote, nikasoma na kitabu kilichoizaa, nikatafuta na filamu ya pili iliyokuja baadaye. Aliyenifanya nifanye hivyo ni shangazi yangu.

Shangazi alikuwa kibarua kwenye shamba moja la mkonge huku kwetu bondeni. Alikuwa kwenye mashine ya brashi, ile inayosugua singa baada ya kuanikwa. Siku moja singa zilimzunguka mkono wa kulia, mashine ikavuta. Alikuwa na miaka 22. Mkono ulikatwa chini kidogo ya kiwiko. Malipo aliyopata sitayaeleza hapa, nitaharibu siku yangu na yako.

Zamani kidogo niliandika hadithi fupi juu yake. Niliipenda sana. Ilianza alfajiri kambini, ikapita kwenye mashine, ikaishia wodini, anaamka, anatafuta mkono wake chini ya shuka. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Sasa mbona umeniacha hospitali?” Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Swali hilo ndilo nimeingia nalo kwenye maisha ya Bethany Hamilton.

Tuanze na mwenyewe. Alizaliwa tarehe 8 Februari 1990, akakulia kisiwa cha Kauai huko Hawaii, katika familia ambayo baba, mama na kaka zake wote ni watu wa mawimbi. Asubuhi ya 31 Oktoba 2003, akiwa na miaka 13, alikuwa majini pamoja na rafiki yake Alana Blanchard, na baba na kaka wa Alana. Alikuwa amelala juu ya ubao, mkono wa kushoto umening'inia majini. Papa milia wa urefu wa kama futi 14 akaukata karibu kabisa na bega. Baba wa Alana alimfunga jeraha kwa kamba ya ubao, ile ya kujifunga mguuni ili ubao usikimbie. Alifika hospitali akiwa amepoteza zaidi ya nusu ya damu yake. Baba yake mzazi alikuwa afanyiwe upasuaji wa goti asubuhi hiyohiyo, hospitali hiyohiyo. Binti akachukua nafasi ya baba kwenye chumba cha upasuaji. Kabla mwezi haujaisha, Bethany alikuwa amerudi baharini.

Kwa sisi tuliokulia chini ya milima ya Usambara, ambao bahari iko zaidi ya kilomita 100 na tukifika Tanga tunakuta maji yametulia kama ya beseni, inafaa kueleza mchezo wenyewe. Unalala kifudifudi juu ya ubao, unapiga maji kwa mikono miwili kwenda yanakozaliwa mawimbi. Njiani kila wimbi linalovunjika inabidi ulipite kwa chini: unaukandamiza ubao kwa mikono yote miwili, unazama nao, unatokea upande wa pili. Likija la kwako unageuka, unapiga maji kwa nguvu, na ubao ukishashika kasi unasukuma kwa mikono miwili, unasimama. Waamuzi wanatoa alama zisizozidi 10 kwa kila wimbi, kisha wanajumlisha mawimbi yako mawili bora.

Sasa hesabu ni mara ngapi nimesema mikono miwili.

Hapo ndipo penye kisa, kwa maoni yangu. Papa alichukua sekunde chache. Kujifunza upya kupiga maji kwa mkono mmoja bila ubao kuzunguka kama mtumbwi wenye kasia upande mmoja, kusaidiana na miguu, kujua pa kukaa ili usihitaji kulikimbiza wimbi, kuusimamia ubao kwa kiganja kimoja kilichowekwa katikati: hiyo ni kazi ya miaka. Baba yake alimfungia mshikio katikati ya ubao ili aweze kuuzamisha kwa mkono mmoja. Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kuwekwa makumbusho kuhusu binti huyu, wengine wangechagua ule ubao ulioumwa kipande. Mimi ningechagua ule mshikio.

Kitabu kilitoka mwaka 2004, kimeandikwa pamoja na Sheryl Berk na Rick Bundschuh. Piga hesabu ya tarehe: aliyeumia Oktoba 2003 anakuwa na wasifu wake madukani mwaka unaofuata, akiwa na miaka 14. Uzuri wa kitabu unatoka humohumo. Sauti ni ya mtoto kweli. Hajajifunza bado kujionea huruma kwa ufasaha. Anaeleza namna ya kumenya chungwa kwa kulishika kwa nyayo, kama vile anakueleza njia ya kwenda dukani. Imani yake kwa Mungu iko kila ukurasa, na sioni sababu ya kuikejeli kama wahakiki wengine wanavyopenda. Ndiyo lugha aliyolelewa nayo, na bila hiyo tungekuwa tunasoma mtu mwingine.

Lakini kitabu kina haraka. Jambo bado halijatulia, tayari lina fundisho. Kila mara msichana anapokaribia kutuambia kitu kigumu, kwa mfano hasira, au uchovu wa kuangaliwa na watu, sentensi inayofuata inaharakisha kututuliza. Nahisi mikono ya watu wazima pale. Na kosa kubwa zaidi si la mtu: wasifu wa mwanamichezo umeandikwa kabla hajaufanya huo mchezo kuwa kazi yake. Ni sawa na kuandika historia ya reli ya Tanga ukaishia Mombo, ilipofika mwaka 1905, na treni hadi Moshi usiitaje.

Filamu ya 2011, iliyoongozwa na Sean McNamara, ilikuwa na nafasi ya kurekebisha hilo. Miaka saba ilikuwa imepita. Haikuitumia sana. AnnaSophia Robb anaigiza vizuri, na Dennis Quaid na Helen Hunt kama wazazi wanajua kunyamaza inapotakiwa. Lakini Bethany anapewa mpinzani mwenye kununa ili sisi watazamaji tupate wa kumchukia, kana kwamba bahari na mkono uliokatika havitoshi. Anapelekwa Thailand baada ya tsunami ya Desemba 2004, na watu waliopoteza kila kitu wanageuzwa kuwa dawa ya huzuni ya mgeni. Mawimbi yale yalifika mpaka pwani yetu na kuua watu, kwa hiyo hapo nilikaza macho. Wale wanakijiji hawana majina. Wamewekwa pale ili mtu mwingine apone.

Hata hivyo kuna matukio mawili yanayookoa filamu. Nilikuwa nimeiweka kwenye kompyuta ndogo, tumekaa na shangazi barazani jioni, joto la Mombo kama kawaida yake. Mpaka papa anakuja shangazi alikuwa anachambua mchele. Damu ilivyotoka akasema “maskini”, akaendelea kuchambua. Hospitali, kimya. Halafu ikaja sehemu ndogo tu: Bethany yuko jikoni, anajaribu kukata nyanya kwa mkono mmoja. Nyanya inateleza. Hakuna wa kuishika.

Shangazi akaweka ungo chini.

“Haa, nyanya hiyo,” akasema. “Nyanya ndo mbaya. Kitunguu kina adabu.”

Akaniambia kwamba yeye nyanya ilimshinda miezi minne. Sikuwahi kujua. Nimekula mboga za mwanamke huyu tangu utoto, nimeandika hadithi juu ya mkono wake, na habari ya nyanya sikuwa nayo. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nauliza, kama kila mtu, “Ilikuwaje?” Yaani ile mashine. Yaani zile sekunde.

Tukio la pili ni la mwisho. Mashindano, muda unaisha, Bethany anapata wimbi kubwa kuliko yote na kuliteleza vizuri ajabu. Waamuzi wanasema muda ulikuwa umekwisha. Halihesabiki. Anashinda mwingine. Filamu ya aina hii kawaida ingempa kombe, na hii haikumpa. Hapo naipa heshima yake. Na kuna jambo ambalo skrini haikuambii: mteleza mawimbi unayemwona baada ya ajali, mwenye mkono mmoja, ni Bethany mwenyewe. AnnaSophia Robb alivalishwa soksi ya kijani mkononi ili mafundi waufute mkono wake baadaye, lakini majini kazi aliifanya mwenye kazi. Kwa hiyo ndani ya filamu inayosimulia jeraha kuna ushahidi wa ufundi, umefichwa chini ya jina la mtu mwingine. Nilipomweleza shangazi, alisema tu, “Basi wangemwonyesha huyo.”

Wapo waliomwonyesha, ila filamu yao sijaikuta kwenye basi. Mwaka 2018 Aaron Lieber alitoa filamu ya hali halisi iitwayo Bethany Hamilton: Unstoppable. Kichwa chake kina sifa nyingi mno kwa ladha yangu. Ila ndani yake yuko mtu mzima. Ni mke, ana mimba, anajifungua, anarudi kwenye ubao na mwili ambao kwa mara ya pili maishani inabidi aujifunze upya. Anaanguka na kurudia. Yuko kwenye mawimbi ya Pe'ahi kule Maui, ambayo wenyewe wameyaita Jaws, makubwa kuliko nyumba za ghorofa za mjini Korogwe. Kisha mwaka 2016, mtoto wake wa kwanza hajatimiza hata mwaka, anaingia mashindano ya Fiji kwa nafasi ya mwaliko. Anamtoa Tyler Wright. Anamtoa Stephanie Gilmore, ambaye wakati ule alikuwa bingwa wa dunia mara sita. Anamaliza wa tatu. Ubingwa wa pale ulichukuliwa na Johanne Defay, aliyekulia Réunion, kisiwa cha Bahari hii ya Hindi yetu.

Hapa sina budi kuuliza swali ambalo mashabiki wake hawalipendi. Bethany ni bingwa wa nini? Alitwaa taji la taifa la vijana wa ridhaa mwaka 2005. Aliingia kwenye kulipwa mwaka 2007. Mwaka 2014 alishinda mashindano ya wanawake pale Pipeline, wimbi linaloogopwa na wanaume. Ubingwa wa dunia hajawahi kuupata. Layne Beachley wa Australia aliupata mara saba. Stephanie Gilmore sasa anao mara nane, wa mwisho mwaka 2022. Carissa Moore, mzaliwa wa Hawaii kama Bethany, anao mara tano, na ndiye mwanamke wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huu, mwaka 2021. Nani kati yao umemwona kwenye basi? Mimi sijamwona hata mmoja. Hata habari kwamba zawadi za fedha za wanawake zililinganishwa na za wanaume kwenye ligi kuu ya dunia kuanzia msimu wa 2019 niliipata nikiwa natafuta mambo ya Bethany.

Utaniambia: ndugu, jeraha ndilo lililomtambulisha, bila papa tusingemjua. Ni kweli. Hilo ndilo linalonisumbua. Mwanamke akishinda mara nane hana hadithi. Akiumia mara moja, anayo. Na akishaipata, inasimama palepale alipoumia, hata akiishi miaka mingine sitini.

Wala hili si tatizo la Hollywood peke yake. Rafu yetu ya wasifu wa wanawake waliofanya kazi kwa ubingwa ni fupi. Wa kwanza unaomjia mtu akilini ni Wasifu wa Siti binti Saad, wa Shaaban Robert, ambaye ni wa hukuhuku kwetu Tanga. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya wafinyanzi. Alitembeza vyungu, akaingia mjini, akafundishwa kuimba, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, jambo ambalo mwanamke wa pwani hii hakuwahi kulifanya kabla yake. Shaaban naye anapenda mafundisho, tena sana. Kuna mahali unatamani ampishe Siti kidogo apumue. Lakini vyungu havikumziba macho. Anavitaja, anapita navyo, anaendelea mpaka kwenye kazi yenyewe: sauti, wanamuziki, safari, jina. Umaskini wa Siti ni mwanzo wa safari, na Shaaban aliandika akijua hivyo. Alikuwa pia na bahati ambayo waandishi wa Bethany hawakuwa nayo: aliandika maisha yakiwa yamekamilika, maana Siti alifariki mwaka 1950.

Baada ya Shaaban, nani? Mwaka 1965, kwenye Michezo ya Afrika kule Brazzaville, Theresia Dismas alirusha mkuki akarudi na medali ya fedha, ya kwanza ya kimataifa kuletwa Tanzania na mtu yeyote, mwanamume au mwanamke. Mimi namkuta kwenye aya moja moja za magazeti, kila mara aya ileile. Nataka kujua alianza kurusha nini kabla ya mkuki. Nataka kujua bega lilimuuma vipi, alifanya mazoezi saa ngapi, na nani alibaki nyumbani kupika. Nataka ile nyanya yake.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa anayetaka kuokoa muda. Kitabu kisome, hasa ukiwa na mtoto wa shule nyumbani. Kinasomeka siku moja, na sehemu za chungwa na mambo madogomadogo zina thamani kuliko zile za mahubiri. Filamu ya 2011 itakukuta yenyewe barabarani. Ikikukuta, angalia nyanya, na kwenye mawimbi kumbuka unayemwangalia ni nani. Ukipata nafasi ya moja tu, tafuta ile ya Lieber. Ina mapungufu yake, inamsifia mno, lakini haimwachi hospitali.

Nami nimeitoa ile hadithi yangu kwenye faili. Alfajiri ya kambini nimeikata. Mashine nimeibakiza, aya moja. Zilizobaki ni za miaka arobaini ambayo sikuwa nimeiuliza, na ninaiuliza sasa, jioni kwa jioni, kwa sababu mchana shangazi hana nafasi. Yuko stendi. Anauza machungwa ya kumenya. Chungwa analibana mezani kwa kigutu, analizungusha, kisu kinakwenda kwa mkono wa kushoto, na ganda linashuka refu bila kukatika. Basi likianza kuondoka bado anakimbia nalo, anarusha chungwa dirishani, na mkono huohuo unadaka hela.

Wiki iliyopita nilimsomea kurasa sita mpya. Akasikiliza. Nikamuuliza, “Je, sasa?”

“Umefika nyanya,” akasema. “Endelea.”